Ukuta wa Barabarani Msiupake Chokaa

Sogeeni, wanangu, wewe Elieshi na wewe Salvatory, sauti inanikimbia na sitaki mje kugombana juu ya kaburi langu. Shamba la Bonga ligawanywe katikati. Ng'ombe ni wa mama yenu mpaka naye atakaponifuata. Brashi na rangi zangu nampa Elieshi, kwa sababu alinishikia ngazi miaka yote niliyochora viboko wa ziwa letu kwenye kuta za shule, ili watoto wajue kwamba wanyama hawa wanakwisha.

Nyumba hii ya Maisaka nakupa wewe, Salvatory. Usishukuru kwanza.

Yule kiboko jike mwenye sikio lililochanika nilimchora mpaka watoto wakamzoea kama jirani, wakawa wanakwenda ziwani kumwangalia. Wewe ukamtegea waya. Mahindi yako alikula, sikatai, lakini ungeniambia ningekupa yangu. Badala yake ukauza nyama yake kwa siri, ukamletea mama yako kipande, akapika, nikala, nikakusifu kwa kunikumbuka. Kesho yake watoto wa shule walikuja hapa wanalia, wamekuta kichwa kimetupwa kwenye matete. Chakula kile hakijanitoka rohoni mpaka leo.

Ndiyo maana nilichora ukuta wa nyumba hii, ule unaotazama barabarani: kiboko, waya shingoni, na mtu anayeuvuta, hana uso. Umeniomba niufute, nikakataa. Sasa najua unasubiri nini. Kwetu mtu akifa, nyumba hupakwa chokaa kabla waombolezaji hawajajaa uani, na mfuko wa chokaa umeshaununua, mama yako ameuona nyuma ya banda, na mimi bado napumua.

Pakeni kuta tatu. Ule wa nne usiguswe. Watoto wakipita wakauliza mtu yule ni nani, utawajibu wewe, mwenye nyumba. Siku utakayowaambia ukweli, mwite dada yako Elieshi aje na brashi amfute mtu huyo. Kiboko abaki.

Elieshi, nipe maji... Basi, yanatosha. Mungu akutunze, mwanangu, akupe macho ya kuona na mkono usiotetemeka.

Salvatory, lete mkono. Siyo huo. Ule wa kulia, uliovuta waya. Nina uchungu na wewe, nakufa nao... Mungu aubariki mkono huu. Mimi nimejaribu kuubariki... nimeshindwa.