Juisi Haikumuua Mama Maboksi

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi popote mlipotega sikio. Wakubwa wetu, shikamooni. Nimeomba kabla ya kuketi hapa. Leo tunamkumbuka Mama Maboksi. Alifariki Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane. Alifariki akitazama filamu iliyotokana na mchezo alioubuni mwenyewe. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Maboksi, aliyetubunia mchezo wa Nani Kamuua Mwenye Nyumba, hatunaye.

Mama huyu alifanya kazi kiwanda cha maboksi miaka ishirini na miwili, kwenye mashine ya kukata. Kidole chake kimoja kilikuwa kifupi kuliko wenzake. Ukimuuliza, alisema, "Hicho kilitangulia kustaafu."

Alianza kusoma akiwa na miaka arobaini na tisa. Darasa la jioni, mara tatu kwa wiki, katika chumba nyuma ya zahanati. Mimi nilikaa nyuma yake. Herufi zilitutoa jasho, wasikilizaji. Na vitabu tulivyopewa vilikuwa vya watoto, vya paka na mpira. Siku moja Mama akafunga kitabu. "Mwalimu, mimi nina wajukuu. Huyu paka hanihusu."

Basi akaokota mabaki ya kiwandani. Juu ya kipande cha boksi akachora nyumba ya vyumba tisa, yenye wapangaji sita. Mwenye nyumba amekutwa amekufa, na kila mpangaji ana sababu. Huyu alikatiwa maji, yule aliliwa kuku wake. Silaha ni mwiko, pasi, kamba ya kuanikia nguo, au glasi ya juisi yenye sumu. Unarusha dadu, unaingia chumbani, unaokota kadi, unaisoma kwa sauti. Asiyesoma, muuaji anampita hivi hivi. Darasa zima tulijifunza kusoma tukimsaka muuaji. Mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alisoma "ka-ba-ti-ni", akasimama akacheza.

Mwalimu akaupeleka mchezo kwa mwongozaji wa filamu. Kijana huyo akaja na daftari.

"Mama, muuaji ni nani? Filamu lazima iwe na mwisho."

"Kila jioni muuaji ni mwingine, mwanangu. Ndiyo raha yake."

"Watazamaji watanipiga mawe."

"Basi vaa kofia ngumu."

Wakabishana wiki nzima. Mwishowe wakaafikiana kwamba wapangaji wote sita watakiri, mmoja baada ya mwingine, na polisi abaki anakuna kichwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele, kati ya mumewe, ambaye ni fundi viatu, na mkwe wake, mke wa mwanawe wa kiume wa pekee. Mwana yuko kazini mbali, na miaka sita mkwe huyu ameishi na wakwe zake nyumba moja. Alitaniana na Mama kama wanafunzi wa dawati moja. "Mkwe gani wewe, chai yako kama maji ya kusuuzia vikombe?" "Ndiyo maana unakunywa vitatu, mama."

Siku hiyo mkwe alibeba juisi ya maembe kutoka nyumbani. Mama akanywa. Kwenye filamu, mwenye nyumba naye akanywa juisi, akashika kifua, akaanguka. Ukumbi ukacheka. Haikupita muda, Mama Maboksi akashika kifua, akaanguka. Ukumbi ukacheka tena.

Tulicheka, wasikilizaji wapendwa. Nilikuwepo. Mwongozaji aliniambia, "Nilidhani anatuigizia. Nilipiga makofi." Ni mkwe peke yake aliyepiga magoti, akimshika mashavu. "Mama, basi. Mama, inatosha."

Kufikia Jumapili, wale waliocheka walikuwa wamegeuka wapelelezi. Juisi katengeneza nani? Nani atabaki na nyumba? Na Jumatano, katika salamu za pole, ulifika ujumbe hapa studio. Niliusoma hewani kabla sijaupitia kwa macho. Ulisema: "Aliyetengeneza juisi tunamjua, na Mungu anamjua." Nilisikia neno la mwisho likitoka kinywani mwangu, na ndipo nikaelewa nimesoma nini. Alhamisi asubuhi, mkwe aliondoka na begi moja. Amerudi kwao. Simu yake imezimwa.

Jana nilikwenda kwa mzee, mume wa Mama, kuomba msamaha. Akanipa karatasi ya daktari. Tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari. Ameniruhusu kuyasema haya. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na moyo ukasimama. Hakukuwa na sumu. Narudia: hakukuwa na sumu. Mzee mwenyewe alikunywa juisi ile, kutoka chupa ile ile.

Halafu akaikunja karatasi. Akasema: "Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimpa dawa za presha kila asubuhi. Akigeuka, mama anazitema mkononi. Mimi nilimwona. Alinikonyeza, nami nikacheka. Kama watu wanatafuta mwenye kosa, waanze na mimi."

Nilimshika mkono tu.

Wasikilizaji wapendwa, Mwenyezi Mungu ailaze roho ya Mama Maboksi mahali pema. Pole kwa mzee. Pole kwa mwana aliye mbali, kwa wajukuu, kwa wenzake wa kiwandani. Lakini pole ya kwanza ilikuwa yako, mkwe, na mimi nilikunyima. Nilikukosea mbele ya watu wote, kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu wote. Baba mkwe wako anasema hivi: "Mwambieni mwanangu arudi. Wageni wanakuja kunipa pole, wanamkuta mfiwa mmoja, na sisi tuko wawili."

Nawe uliyetuma ujumbe ule, namba yako ninayo, na sitaisoma hapa. Nakuomba tafakari usiku mmoja tu, kisha siku binti huyu akipita mlangoni kwako, toka nje umsalimie.

Mkwe, kesho saa nne asubuhi mimi na mzee tutakuwa kituo cha basi. Usipokuja, tutakwenda tena kesho kutwa. Ukishuka, begi lako nitalibeba mimi, na tutapita katikati ya mtaa.