Sampuli Namba Kumi na Tisa: Risala ya Chumba cha Chachu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi. Mkuu wa Maabara uliyeketi kando yake. Ndugu wageni wote:

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Chumba cha Chachu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kufunua kibao kilichofunikwa kitambaa cha kijani pale ukutani. Tunaomba, kabla hujanyanyuka, utusikilize hadi mwisho. Risala uliyotumiwa nakala yake wiki iliyopita si hii ninayoisoma. Ile ilikuwa tamu zaidi.

HISTORIA

Chumba hiki kilianza miaka sita iliyopita, kikiwa stoo ya viti vibovu. Kazi yetu ni kutafuta chachu ya asili, ile inayoishi kwenye maganda ya matunda bila kuonekana kwa macho. Tunakata ganda, tunaliloweka kwenye maji ya sukari yaliyochemshwa na kupozwa, tunangoja siku tatu, kisha tunapaka tone lake juu ya rojo, yaani lishe iliyoganda ya kuoteshea chachu, katika sahani. Doa likiota peke yake tunalihamishia sahani nyingine, na nyingine tena, mpaka tuwe na hakika kwamba ni ukoo mmoja. Ndipo tunalitazama kwa hadubini, tunalipima na kulipa jina. Ni kazi ya subira, na mwenye pupa haimfai.

MAFANIKIO

Mwaka huu, kwenye ganda la stafeli, tulipata sampuli namba kumi na tisa. Iliumua unga sawasawa na hamira ya dukani. Tulivimba vichwa. Mkuu akakuandikia, nawe ukaagiza kibao.

CHANGAMOTO

Shangazi, ndivyo tunavyomwita mama anayetuoshea vyombo na kutukatia matunda, alipita siku moja na beseni lake, akainusa sahani ile, akasema, "Wanangu, harufu hii naijua. Hii ni hamira yangu ya nyumbani."

Tulimcheka. Shangazi huoka mikate alfajiri kabla ya kuja kazini, na glavu zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa pili.

Kicheko kilitukauka tulipomwomba aandae chupa ya maji ya sukari kama kawaida yake, ila bila tunda. Siku ya tatu ilitoa povu. Akatuletea na pakiti yake ya hamira, tukalinganisha vinasaba, vikawa vilevile. Chupa hiyo isiyo na tunda tulipaswa kuiweka tangu siku ya kwanza, maana ndiyo shahidi wa kazi nzima. Hatukuiweka kwa sababu chupa zilikuwa chache, na sisi tulikuwa na haraka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Majibu tulimpelekea Mkuu. Alituambia tungoje sherehe ipite. Kesho yake Shangazi akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kuchafua sampuli. Tuliona aibu, na hadi sasa tunaiona. Kosa la chupa ni letu. Yeye ndiye aliyelifichua, tena bila kuulizwa.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi saba, likiwamo la jokofu. Tumeyafuta. Tunaomba barua ile ifutwe na Shangazi arudi kazini. Tunaomba glavu, zikiwamo za kumtosha yeye, kwani tulizokuwa nazo zilimbana. Kibao kile tunaomba kibaki kilivyofunikwa, na sisi turuhusiwe kuanza upya na stafeli jingine. Ikiwa ni lazima mtu aadhibiwe, majina yetu saba tumeyaambatanisha kwa mpangilio wa alfabeti, ili pasitafutwe kinara.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akupe moyo wa kuamua kwa haki, na akurejeshe salama kwa watu wako.

Ni sisi, wafanyakazi wanane wa Chumba cha Chachu. Saba tumesimama mbele yako. Wa nane yuko getini tangu asubuhi, na mlinzi amekatazwa kumfungulia.