Kurasa za Mwisho Ziko Kwangu

Sogeeni, wanangu, na wewe mkwe wangu acha kulialia hapo mlangoni, sijafa bado, na nikifa utajua maana nitanyamaza. Sikilizeni kwa masikio yote mawili, kwani pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja tu.

Kifungua mimba wangu, nimekuona asubuhi ukipima sebule yangu kwa futi, ukidhani nimelala. Nimekusikia pia ukimwambia dada yako kwenye korido kwamba mama akishaondoka vitabu vyake apewe mwenye duka la vifaa afungie misumari, na sebule iwe duka la simu. Nasema hapana. Na hapana ya mtu anayekufa haina rufaa.

Mnajua nilisoma mpaka darasa la tatu. Kusoma kwenyewe nilikujulia nikipiga deki ofisi ya gazeti, kila Jumamosi nikiokota nakala iliyobaki na kufuatisha kwa kidole ile safu ya Kauli za Wiki, visemo kumi vya watu wenye akili, na vingine vya wapumbavu waliovaa tai. Mtaa mzima uliipenda. Kinyozi aliibandika kwenye kioo chake, na mwalimu mstaafu, huyu tunayemwita Koma-Nukta, aliitumia kugombana na mkewe mpaka mke naye akaanza kununua gazeti lake mwenyewe. Riwaya za upelelezi zililetwa na baba yenu, moja kila mwisho wa mwezi, na tulizisoma kitandani tukibishana nani kaua.

Baba yenu alipofariki, wafariji walikaa siku zao wakaondoka, nanyi mkarudi kwenye shughuli zenu, siwalaumu, ingawa nawalaumu. Nikaanza kuazimisha vitabu vyake. Watu wakachukua, wakasoma, wakarudisha kupitia dirishani: "Asante bibi, kitamu!" halafu huyoo, kapotea. Hakuna aliyekaa. Nilipitisha wiki nzima bila kuongea na kiumbe ila redio, na redio haijibu.

Ndipo nikachukua wembe.

Nikakata kurasa za mwisho za kila kitabu, nikazitia kwenye mkebe wa biskuti mvunguni mwa kitanda hiki, na mahali pake nikabandika kipande cha Kauli za Wiki, msomaji apate cha kutafuna akiwa njiani. Anayetaka kumjua muuaji abishe hodi, aketi, anipe kwanza habari za mtaani, tena zilizoiva, kisha asome kurasa zake hapahapa mbele yangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wallahi nilipona! Kinyozi alipata mchumba sebuleni humo, wakigombania kurasa za kitabu kimoja, na leo ni mkewe. Majirani wawili walionuniana miaka sita kwa ajili ya ukuta niliwaita siku moja makusudi, wakasoma shavu kwa shavu, na walipotoka walikuwa wanamtukana muuaji kwa sauti moja. Koma-Nukta aliniita mharibifu wa vitabu. Nikamwambia, mwalimu, vyako vizima vimelala kabatini, changu kilichokatwa kimesomwa na mtaa. Akakohoa, akaomba kurasa zake.

Siombi msamaha, basi. Mkiulizwa, semeni mama alikata, na angepata wembe mwingine angekata tena.

Wifi yangu fundi cherehani nimemsamehe kunisengenya siku ya harusi yangu, hata gauni langu aliloliunguza kwa pasi. Lakini kusimama bombani akatangaza kwamba muuaji ni daktari, na watu tisa wako kwenye foleni ya kitabu kile, hilo nakwenda nalo. Aje mazikoni, alie atakavyo, ila asikae mbele.

Sasa shikeni neno. Vyumba vya nyuma mtagawana kama tulivyoandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sebule haigawanywi. Ufunguo wake na mkebe nampa mkwe wangu, kwa sababu ndiye peke yake humu ndani anayeweza kusikiliza umbea mpaka mwisho bila kuukata, tena asiutoe nje. Usikunje uso, kifungua mimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe hujawahi kuinama ila ukipima. Na mtu asithubutu kuzigundisha kurasa zile vitabuni. Siku mtakapozigundisha, nyumba hii itarudi kuwa ya dirishani.

Maji... kidogo tu. Basi.

Mungu awape nyumba isiyokosa mtu wa kubisha hodi. Awape ndimi tamu na... na masikio ya subira. Mpendane, hata mkinuniana.

Nyamazeni. Mnasikia hodi? Huyo ni muuguzi wa zahanati, ametoka zamu, ana kitabu changu tangu Jumatatu. Msimwambie hali yangu, atarudi nyuma kwa aibu. Mwambieni karibu. Kifungua mimba, weka hiyo futi chini, mpishe kiti. Mkwe wangu, nenda. Muulize kwanza... kama ni kweli daktari wao mpya ana wake wawili. Asikuzungushe. Halafu njoo uniambie... upesi, mwanangu... upesi.