Bi Mapazia na Chumba Kilichofagiliwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Mapazia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupamba seti za michezo yetu ya runinga. Jina hilo alipewa na mafundi wa taa, kwa kuwa hakuna pazia lililotundikwa hapa studio bila yeye kulipinda kwa mkono wake.

Kazi ilikuwa na mazoea yake. Mwandishi akitaka ofisi ya walimu, iwekwe fimbo na mwalimu anayesinzia. Akitaka nyumba ya mfanyakazi wa kiwandani, viwekwe vyombo vichafu na godoro lililochanika. Bi Mapazia alikuwa hodari wa kuchafua. Kopo moja la majivu lilimtosha chumba kizima. Tulimtania kwamba nyumbani kwake hakuingiliki.

Mchana mmoja, mwaka wake wa kumi na mbili, alibaki peke yake kwenye seti ya nyumba ya mfanyakazi wa kiwandani. Mimi, mpiga picha, niliacha kamera ikirekodi ili kupima mwanga, nikaenda kula. Niliporudi nilimkuta ameketi nje ya mlango. Alisema alimkuta mama mwenye koti la kiwandani ameketi kitandani, na mama huyo akamuuliza, “Hapa anaishi nani?”

“Mfanyakazi wa kiwandani,” Bi Mapazia akamjibu.

“Na hafagii? Mimi nafagia kabla sijaenda zamu.”

Kisha yule mama akachukua ufagio.

Tulitazama mkanda. Bi Mapazia anaonekana akizungumza peke yake, halafu anasogea pembeni kama anayempisha mtu. Ufagio umesimama kwenye kona, haujaguswa, ilhali sakafu inatakata hatua kwa hatua hadi mlangoni.

Mwongozaji aliamuru chumba kichafuliwe upya. Bi Mapazia, ambaye hakuwahi kubishana na mtu, alikataa katakata. Mchezo ukarekodiwa chumba kikiwa safi, na mwigizaji aliyecheza mama wa nyumba hiyo akashindwa kupayuka humo kama alivyoandikiwa. Akazungumza na mwanawe taratibu. Mchezo uliporushwa, mwalimu mmoja aliyeutazama alituandikia kwamba hatimaye ameona mzazi kama wale anaokutana nao kila muhula. Tangu hapo walimu kwenye seti za Bi Mapazia hawakusinzia tena. Aliwajazia meza madaftari ya kusahihisha.

Juzi, kwenye chai ya kumuaga, nilimuuliza kama alimfahamu yule mama.

“Mama yangu,” akasema. “Alifariki kabla sijaajiriwa. Sikumwogopa. Niliona haya tu, kwa vile alivyokuta nimeifanya nyumba yake.”

Asante, dada yetu. Ustaafu wako uwe wa afya na utulivu.