Bi Kidawa na Magugu ya Bwawani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka Bi Kidawa binti Muhidini wa Kiegeani, kisiwani Mafia, aliyetutoka wiki iliyopita, mkongwe wa kukongoja lakini mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyeirudishia ardhi nguvu kwa magugu.

Turudi zama za Mdachi, mwaka 1908. Kidawa ni mke kijana. Shamba lao ni mchanga mtupu. Viazi vitamu vinatoka vyembamba kama vidole. Mumewe, Shamte, amechoka.

"Tuhamie Rufiji kwa kaka yangu," akasema.

Kidawa akamfikiria mama yake, kipofu, asiyejua njia ila za Kiegeani. "Nipe mwaka mmoja, mume wangu."

Shamte akakubali. Mwaka mmoja tu.

Bwawa la kijiji lilikuwa limevamiwa na magugu mageni. Yalitanda hata mtungi ukakosa pa kuzamia. Wanawake waliyaopoa, wakayatupa ukingoni. Siku moja Kidawa akaona mboga ya maboga imejiotea kwenye lundo lililooza, imenona, majani mapana kama sinia. Kumbe magugu yale yakioza ni mbolea!

Akabeba magugu tenga kwa tenga, akayafukia shambani yangali mabichi ili yaozee humo. Mvua ikanyesha. Magugu yakachipua matutani!

Jirani yake, Mize, akacheka mpaka akakaa chini. "Shoga, umelima bwawa!"

Kidawa naye akacheka, ingawa roho ilimwuma. Ilikuwa imebaki miezi minane.

Akarudi bwawani. Safari hii aliyaanika magugu juani mpaka yakafa kabisa. Akayapanga na mavi ya mbuzi na majivu, akanyunyizia maji, akafunika kwa makuti, akawa analigeuza lundo. Baada ya miezi mitatu akapata mboji nyeusi, laini. Akapanda viazi.

Siku ya kuvuna, Shamte alishika jembe mwenyewe. Akafukua tuta la kwanza, viazi vinene kama mikono. La pili, tenga likafurika. Kisha akapaza sauti: "Kidawa! Lete tenga jingine!"

"Na Rufiji je?"

"Wa Rufiji ndio waje huku!"

Mjukuu wa Bi Kidawa, Jokha, anatusimulia: "Bibi hakuficha ujuzi. Wa kwanza kufundishwa naye ni Bi Mize, yule yule aliyemcheka. Bwawa likatakata, mwishowe watu wakawa wanagombea magugu."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Jokha na ukoo mzima. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Kidawa. Nasi tujiulize: baada ya kuchekwa vile, ni nani kati yetu angerudi bwawani na tenga lake?