Kigoda cha Kushoto: Risala ya Kikundi cha Hapohapo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Idara ya Nyaraka, ambaye kwetu sisi ulikuwa Karani na utabaki kuwa Karani; maofisa mlioambatana naye; ndugu, majirani na mashabiki wetu, mliopata viti na mliosimama: tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU NYUMBANI

Sisi wanakikundi cha vichekesho cha Hapohapo tumefurahi kukuona ukiingia kwa mlango uleule wa bati, ambao mpaka leo lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Tulikuwa tunachungulia, na haya tumeyachomeka kwa kalamu sasa hivi. Tumewaona maofisa wako wakiusukuma mpaka jasho likawatoka, kisha ukawapisha pembeni, ukaunyanyua kwa mkono mmoja. Muuguzi alipiga makofi, tukamziba mdomo ili tusiharibu itifaki.

Risala hii tumeiandika watu saba, na tumegombana sana. Kuandika si fani yetu, maana hatujawahi kuandika neno kabla ya kulisema. Anayeisoma ni binti wa Fundi Saa. Kinyozi alijaribu kuisoma jana mara mbili, na mara zote mbili akaishia njiani. Binti amesema yeye hatalia. Tunamwamini, ila leso tumemtilia mfukoni.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, historia hii unaijua kutuzidi, lakini wengi waliomo humu hawaijui. Miaka ishirini na mitatu iliyopita kikundi chetu kilikuwa watu wawili na vigoda viwili. Fundi Saa alikuwa na kibanda chake nje ya ofisi ulikokuwa karani wa masjala. Siku moja ulimpelekea saa yako, mkaanza kubishana kama saa iliyosimama imechelewa au imewahi. Foleni nzima ya ofisini ikahamia kibandani. Bosi wako akatoka kukufokea, akajikuta ameshika mbavu.

Jumamosi yake, saa kumi alasiri, mliingia kwenye ghala hili, mkasogeza magunia ukutani, mkaketi: yeye kigoda cha kulia, wewe cha kushoto. Mkawaomba watu wawape mahali na wawape shida. Sauti moja ikasema, "Kwa daktari wa meno!" Nyingine ikasema, "Mgonjwa hataki kufungua mdomo!" Mkaanza papo hapo.

Mliweka sheria moja tu, na ingali imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: MWENZIO AKIKUPA, POKEA, ONGEZA. Akikwambia mvua inanyesha, usimwoneshe jua, tafuta mwavuli. Akikuita shangazi, umeshakuwa shangazi, muulize watoto hawajambo. Na kilichosemwa Jumamosi moja hakirudiwi Jumamosi nyingine. Hakiandikwi wala hakirekodiwi.

WALIOKUJA NA WALIOONDOKA

Jumamosi yako ya mwisho hapa, hadhira iliwapa watu wawili nje ya ofisi iliyofungwa. Fundi alikugeukia akasema, "Karani, ufunguo ulimwachia nani?" Ukamjibu. Kabla hajafungua kinywa, mvua ikashuka juu ya bati, ikawa hakuna anayemsikia mwenzake. Mkapeana ishara za mikono, mkacheka, mkaagana mlangoni: "Tutamalizia Jumamosi." Jumatano ikaja barua ya uhamisho. Hatukulaumu, mgeni rasmi. Ulipewa, ukapokea.

Tangu siku hiyo kigoda cha kushoto kimekaliwa na watu kumi na saba. Wa kwanza ni Kinyozi, ambaye alikuwa anacheka kwa kelele nyingi huko nyuma mpaka Fundi akamwambia, "Kijana, hebu njoo uchekee huku mbele, unatuzidi." Wakaja wauza unga wa mahindi wawili, dada na mdogo wake, waliokaa miaka minne wakaondoka walipofungua duka mji mwingine. Akaja Dereva, aliyeweza kuwa watu sita ndani ya dakika moja, na tumemzika. Wengine walipata kazi, wengine walichoka, na mmoja alisema anakwenda kununua vocha na hatujamwona tena.

Kisha akaja binti. Baba yake hakutaka. "Ugomvi wa nyumbani tuuache nyumbani," alisema. Lakini Jumamosi moja mtu wa kigoda cha kushoto hakutokea, binti akapanda bila kuitwa. Hadhira ikawapa kituo cha polisi na mwizi aliyejileta mwenyewe. Alimkamata baba yake, akamhoji, akamnyang'anya viatu, akamwachia kwa dhamana ya mama yake. Wiki nzima Fundi alimsimulia kila aliyepita kibandani: "Unamjua polisi aliyenikamata? Huyo ni mwanangu!" Binti anasema hajawahi kupendwa hadharani namna ile.

MAFANIKIO

Risala lazima iwe na mafanikio, kwa hiyo tunayasoma. Ila tunaomba mtusamehe tukiyasoma kwa sauti ya chini.

Miaka miwili iliyopita ukumbi huu ulianza kujaa. Ilianza hivi: katikati ya mchezo, Fundi alimgeukia Kinyozi, mwenzake wa miaka kumi na minane, akamtazama usoni, akamuuliza kwa adabu, "Samahani, wewe ni nani?"

Kinyozi akapokea. "Mimi si mkeo!"

Watu walivunjika mbavu. Jumamosi iliyofuata Fundi alisimama katikati ya jukwaa akauliza mlango uko wapi, na ghala hili lina mlango mmoja tu. Binti akaongeza, "Tumeuuza, baba. Tunangoja mteja wa madirisha." Watu wakaanguka kwenye viti. Tukampa jina, Mzee Nani. Tukachora bango. Tukaitwa redioni. Wanachama wawili wapya walijiunga kwa ajili ya Mzee Nani peke yake.

Na lipo jambo ambalo tumelibishania sana kama liandikwe, na binti amesisitiza liandikwe. Tulianza kubadilishana makoti nyuma ya pazia, makusudi, ili atuchanganye. Kila alipotukosea, watu walicheka, na sisi tulikonyezana.

Mke wa Fundi alikuwa anakaa mstari wa mwisho, na hakucheka hata siku moja. Binti alimuuliza, "Mama, hujapenda?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Nyumbani nako ananifanyia hayahaya."

Binti akamtuliza. "Anafanya mazoezi, mama. Mpokee, umwongezee."

Aliyetuzindua ni Muuguzi. Alikuwa mgeni kwetu, ana maonyesho matatu tu, bado masizi ya ndevu za bandia yako kidevuni. Alituita nyuma ya pazia akasema, "Jamani, mzee haigizi."

Kinyozi akamjibu kwa furaha, "Si ndiyo raha yake!"

"Sikilizeni," alisema. "Nimewauguza wa namna hii. Haigizi."

Tukaanza kuhesabu nyuma, kila mtu kimoyomoyo. Ilikuwa miezi kumi na minne. Mtu wetu alikuwa anapotea mbele ya macho yetu, anatuomba tumwoneshe njia, nasi tukampokea na kumwongezea upotevu. Watu wengine wangeshtuka siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tumefundishwa, na aliyetufundisha ni yeye. Mafanikio yetu ni hayo, mgeni rasmi, na yanatuuma sana.

CHANGAMOTO

Bati linavuja. Hilo unaliona mwenyewe.

Fundi amefunga kibanda. Saa za watu tumezirudisha kwa wenyewe, nyingine zikiwa zimefunguliwa hazijafungwa. Hospitali wametueleza kwa upole kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma, unaweza tu kwenda taratibu. Majina yetu yameshamtoka, ya waliokuja karibuni kwanza, kisha ya zamani. Lakini kila Jumamosi huvaa koti mwenyewe, akaja mwenyewe, akaketi kigoda cha kulia. Anageuka kushoto anasema, "Karani, ufunguo ulimwachia nani?"

Kinyozi amemjibu, "Ninao mimi hapa." Muuguzi amemjibu, "Yuko nao mlinzi, anakuja sasa hivi." Binti amemwambia, "Baba, mlango uko wazi." Kila mara hutikisa kichwa, bila hasira, kama mteja aliyerudishiwa saa isiyo yake. "Hapana," anasema. "Hukusema hivyo." Kisha anangoja.

Nasi hatujui ulisema nini. Hatukuandika, na mvua ile ililifuta jibu lako. Tumewatafuta waliokaa mstari wa mbele siku ile, na kila mmoja ana jibu lake na anaapa kwa hilo.

Fundi humwita binti yake Karani. Ameomba iandikwe kwamba hajakasirika. Akiitwa Karani anaitika, kwa kuwa ndiyo sheria. Angependa tu, siku moja, baba yake apate lile jibu, mchezo uishe, halafu amgeukie amuulize, "Na wewe polisi, viatu vyangu viko wapi?" Lakini hilo si ombi. Anajua hakuna ofisi ya kulipeleka.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi manne: la bati, la viti, la taa na la choo. Asubuhi hii binti ameyapiga mstari yote, na hakuna aliyempinga. Limebaki moja.

Ratiba inasema utaijibu risala hii ukiwa meza kuu, kwa kipaza sauti. Tunakuomba usiijibu kutoka hapo. Yule mzee mwenye koti la kahawia, uliyempa mkono mlangoni akakuita "mama" kwa heshima na akakupisha, ni yeye. Tuliona ulivyogeuza uso. Hakukudharau, mgeni rasmi. Hakutegemea Karani aje kwa gari. Yupo hapa tangu saa tisa, sasa ameketi kigoda cha kulia, na kigoda cha kushoto ni kilekile, ni mguu mmoja tu tumebadilisha.

Kama unalikumbuka jibu lako, njoo umpe. Na kama nawe umelisahau, usione haya. Miaka ishirini ni mingi, na Idara yako yote haina karatasi ya siku ile. Sema lolote litakalokujia, ila kwa sauti ile uliyobishania nayo saa. Tumekwishawaomba watazamaji, nao wamekubali: leo hakuna atakayecheka kabla ya Fundi.

Tunaomba pia, na hili halimo kwenye karatasi, usikawie. Tangu tulipoanza kusoma, mwanga wa dirishani umefifia, na upepo umeanza kugonga mlango.

Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako, ampe nafuu mgonjwa wetu na subira mke wake, na amjalie kila mmoja wetu mtu wa kuketi naye upande wa pili siku maneno yatakapomwishia.

Ni sisi wenzako, Kikundi cha Hapohapo: Kinyozi, Muuguzi, wengine wanne walioko nyuma ya pazia, binti anayesoma, na mwenye kigoda cha kulia.

Karani, mvua bado haijaanza.