Marehemu Isaka Gaspari na Magamba ya Haifa

Tumekusanyika hapa Ulemo kumsindikiza Isaka Gaspari, aliyezaliwa Misigiri tarehe 3 Mei 1915, mtoto wa pili wa mzee Gaspari na mama Luciana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1930, kisha akajifunza useremala.

Tarehe 8 Oktoba 1938 alifunga ndoa na Raheli, mwanamke ambaye ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kwanza akahakikishe. Mwenyewe ameruhusu tuseme hivyo.

Mwaka 1942 Isaka aliingia jeshini, akapelekwa Haifa, kwenye Bahari ya Mediterania. Alirudi 1946 na mfuko wa magamba ya konokono wadogo wa baharini: meupe, ya madoa, ya mistari, mengine laini, mengine yana vinundu. Raheli akayamwaga mkekani, akayatenganisha moja moja. Mwanamume gani huokota vitu hivi? Akajisemea kila gamba ni zawadi ya mwanamke tofauti huko Haifa.

"Baba Anselm, hawa walikuwa wangapi?"

"Konokono? Hao ni aina moja, mama Anselm. Wa kwenye mawimbi wana gamba nene, wa maji tulivu wana mistari. Jabali wanaloishi ni lile lile."

"Aina moja, na hakuna wawili wanaofanana. Haya, nidanganye tu."

Shaka hiyo aliilea miaka yote. Isaka akienda Mwankoko kutengeneza milango, Raheli aliuliza ni milango ya nani. Akichelewa kwa mama yake Misigiri, koti lilinuswa. Mume alicheka tu, na kicheko ndicho kilichomtia wasiwasi zaidi.

Januari 1957 kifua kilimbana, akalazwa hospitali ya Kiomboi. Tarehe 9 Februari Raheli alikuwa akipalilia maharage. Akageuza jiwe, akakuta konokono wachanga, ndio kwanza wametoka kwenye mayai ya mama mmoja: huyu mweupe, huyu wa mistari, yule wa madoa. Akaacha jembe pale pale, akashika njia ya Kiomboi kwa miguu, mikono ina tope, ana neno moja tu la kumwambia mumewe. Alimkuta ameshafunikwa shuka.

Ameacha mama, watoto watatu, Anselm, Dorkas na Damari, na mjane mmoja. Raheli ameomba hilo lisomwe mara mbili: ameacha mjane mmoja. Siku ile ya konokono shambani alimwamini, ila alichelewa kumwambia, na linamuuma.

Lala salama, Isaka. Hakuna atakayekuuliza tena.